Kuazima Vitabu vya Maktaba kwa Masomo na Michezo ya Watoto: Mwongozo kwa Wazazi wa Tanga

Katika nyumba nyingi za Tanga kitabu kilichoazimwa maktaba huishi juu ya kabati. Mzazi amekwenda mjini, amejaza fomu, amelipa ada, amerudi na kitabu kizuri chenye picha, kisha hofu imemwingia: mtoto akikichana je? Basi kitabu kinawekwa mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, kinateremshwa Jumapili kwa dakika chache, tena kwa onyo kali la kutogusa kurasa, na tarehe ikifika kinarudishwa kikiwa safi kama kilivyotoka. Nilifanya hivyo kwa mtoto wangu wa kwanza na nikajihesabu kuwa mzazi makini. Mwongozo huu unasimama upande wa pili. Kila hatua iliyoelezwa hapa, kuanzia kadi ya uanachama hadi siku ya kurejesha, imepangwa ili kitabu kikae mkekani pamoja na mtoto, na mzazi asipoteze usingizi kwa ajili hiyo.

Hatua ya kwanza: kuijua maktaba kabla ya kuomba kadi

Maktaba ya Mkoa wa Tanga iko mjini, katika jengo lililojengwa miaka ya 1950 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Leo iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, chombo cha umma ambacho mizizi yake ni sheria ya mwaka 1963, na ndicho kinachoendesha Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Bodi hiyohiyo ina chuo chake cha kufundishia wakutubi huko Bagamoyo. Ninayataja haya kwa sababu moja tu: mtu aliyekaa nyuma ya meza ya maktaba ana taaluma yake, na kazi yake ni kumwelekeza msomaji. Wazazi wengi humwona kama mlinzi wa vitabu, wakampita kwa salamu ya haraka, wakahangaika peke yao kwenye rafu.

Nenda mara ya kwanza peke yako, asubuhi ya siku ya kazi, bila haraka. Tazama sehemu ya watoto ina nini, watoto wanakaa wapi, na viti vina kimo gani. Kisha uliza mambo yatakayokuondolea hofu baadaye: mtoto anaruhusiwa kuchukua vitabu vingapi kwa mara moja na kwa siku ngapi, je, muda unaweza kuongezwa, na unaongezwaje, faini ya kuchelewa ni kiasi gani, na kitabu kikipotea au kikiharibika, utaratibu ukoje. Andika majibu kwenye daftari, kwa sababu viwango vya ada na faini hubadilika, na alichokwambia jirani mwaka juzi hakitakusaidia mbele ya kaunta. Uliza pia vitabu ambavyo haviazimwi. Kwa kawaida kamusi, ensaiklopidia, ramani na magazeti husomewa humohumo ndani, na mtoto anayetaka kutazama ramani kubwa ya Afrika Mashariki itabidi apelekwe ilipo.

Hatua ya pili: siku ya kujiandikisha

Beba kitambulisho chako, picha ndogo za pasipoti, zako na za mtoto, barua ya shule au ya serikali ya mtaa inayoonyesha mnapoishi, na fedha za ada. Huenda usidaiwe vyote, lakini nauli ya bajaji kutoka Pongwe au Mabawa hadi mjini mara mbili kwa sababu ya barua moja inauma. Mtoto huhitaji mtu mzima wa kumdhamini, na mdhamini huyo ndiye atakayeulizwa kitabu kikipotea. Soma basi fomu yote kabla ya kutia sahihi.

Kama utaratibu unaruhusu, kadi iwe kwa jina la mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka saba anayeona jina lake limeandikwa kwenye kadi yenye muhuri huanza kuuliza tarehe ya kurudi bila kukumbushwa, jambo ambalo mawaidha yangu hayakuwahi kulifanikisha. Siku hiyo, mkifika kwenye meza, nyamaza. Mwache mtoto asalimie na aeleze haja yake mwenyewe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Unataka kitabu cha nini?”

“Cha samaki.”

“Samaki wa kusoma habari zake, au wa hadithini?”

Mtoto atageuka kukutazama. Mtazame tu nawe. Swali hilo la mkutubi ni somo kamili, kwa sababu linamfundisha kwamba vitabu vya habari na vitabu vya hadithi vinakaa mahali tofauti, na kwamba yeye ndiye wa kuchagua.

Hatua ya tatu: kuchagua rafuni

Vitabu vya maarifa katika maktaba nyingi za umma hupangwa kwa namba za mfumo wa Dewey, ambao Melvil Dewey wa Marekani aliuchapisha mwaka 1876. Namba hiyo hubandikwa mgongoni mwa kitabu. Mzazi akizijua chache tu, sehemu ya watoto inafunguka kama duka alilolizoea. Hadithi za jadi na ngano ziko kwenye 398, na humohumo hukaa vitendawili na methali. Hesabu ziko kwenye 510, sayari na nyota kwenye 520, samaki kwenye 597, ndege kwenye 598, wanyama wanaonyonyesha kwenye 599. Upishi ni 641, kazi za mikono ni 745, michezo ya ndani na ya uwanjani iko kuanzia 790, na historia ya Tanzania iko kwenye 967.8. Mpe mtoto anayejua kusoma tarakimu kazi ya kuitafuta namba moja, mkimbizane nayo rafu kwa rafu, na hapo mchezo umeshaanza kabla hata kitabu hakijafunguliwa.

Nimezoea kuchagua kwa mafungu matatu, pale idadi inaporuhusu. Kitabu cha kwanza anachagua mtoto, hata kama mimi nakiona cha kipuuzi, hata kama ni kilekile alichokichukua mwezi uliopita. Cha pili nachagua mimi, na hicho nakitafuta kizidi kidogo uwezo wake, kwa sababu nitakisoma mimi kwa sauti. Cha tatu ni cha mikono: kitabu cha michezo, cha kuchora, cha majaribio mepesi ya sayansi, cha mapishi au cha mafumbo. Hiki cha tatu ndicho wazazi husahau, na ndicho ambacho mara nyingi hufanya kazi kubwa zaidi nyumbani.

Kwa kitabu ambacho mtoto atakisoma mwenyewe, tumia kipimo cha vidole vitano. Afungue ukurasa wowote wenye maneno mengi, ausome kwa sauti, na kila akikutana na neno asilolijua akunje kidole kimoja. Vidole vyote vitano vikikunjika kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho bado ni kizito kwake, na kitafaa zaidi kusomewa. Kisipokunjika hata kimoja, ni chepesi. Si kosa kukichukua, maana mtoto anahitaji pia kitabu cha kumpa ushindi.

Kuhusu lugha nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Mzazi aliyempeleka mtoto shule ya mchepuo wa Kiingereza hukimbilia rafu ya Kiingereza, akaipita ya Kiswahili kana kwamba ina upele. Kitabu cha kusomwa kwa sauti nyumbani kiwe katika lugha ambayo nyumba hiyo huchekea. Kama mama akisoma Kiingereza hujikaza na sauti yake hubadilika, mtoto hujifunza kwamba kusoma ni kujikaza. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili vipo: Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulioanza mwaka 1991 umesaidia sana kuvitoa na kuvisambaza, na mkoa uliomzaa Shaaban Robert mwaka 1909 hauna sababu ya kuona haya kuvibeba. Kiingereza nacho kipate zamu yake, kwa kitabu chenye picha nyingi na maneno machache.

Usitumie nafasi ya kuazima kwa vitabu vya kiada ambavyo mtoto anavyo shuleni. Taasisi ya Elimu Tanzania huviweka vitabu hivyo pia kwenye maktaba mtandao yake, na mwenye simu ya kufungulia intaneti anaweza kuvisoma huko. Maktaba ya mkoa iwe ya kumpa mtoto kile ambacho darasa halina muda nacho.

Kabla hamjafika kwenye meza ya kuazimia, keti na mtoto mkikague kila kitabu. Kuna ukurasa uliochanika, mchoro wa kalamu, jalada lililoachia, vipande vya fumbo vilivyopungua? Mwonyesheni mkutubi palepale, aandike. Dakika hizo tano zinamlinda mzazi dhidi ya kudaiwa jeraha la zamani, na zinamfundisha mtoto kukitazama kitabu kama kitu chenye mwili.

Hatua ya nne: safari ya kurudi, na mahali pa kitabu nyumbani

Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba, mvua ya Tanga haipigi hodi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na mfuko mwepesi unaouzwa sokoni hauzuii maji. Shona mfuko wa turubai au wa kitambaa kizito wenye kifuniko cha kukunja, au funga vitabu kwa kipande cha turubai kabla ya kuvitia kikapuni. Kwa wanaokwenda kwa baiskeli, na Tanga ni mji wa baiskeli, mfuko ufungwe mbele ya mwendeshaji. Kitabu kilichofungwa kwa mpira kwenye kerea ya nyuma hupinda mgongo, na ndicho cha kwanza kudondoka kwenye shimo.

Sasa turudi kwenye kabati. Mwaka ule wa kitabu cha kwanza, masika ilikuja kwa nguvu, bati letu lilikuwa na tundu la msumari, na tundu lenyewe lilikuwa sawasawa juu ya kabati. Asubuhi nilikuta kitabu kimevimba kama mkate uliotumbukia chaini. Watoto walikuwa wamelala mkekani chini, wakavu kabisa, na kama kitabu kingekuwa kati yao kingekuwa kikavu pia. Nililipa, na nilistahili kulipa.

Tangu siku hiyo vitabu vya maktaba nyumbani kwetu hukaa kwenye sanduku dogo la mbao lililoinuliwa kwa matofali mawili, kimo cha goti la mtoto, mbali kidogo na ukuta ili mchwa wasipate daraja, na mbali na jikoni ambako mafuta na mende hukutana. Vinasimama wima, migongo ikionekana. Vitabu vya maktaba visichanganywe na vya nyumbani; kila kimoja kina kwao, na mtoto akijua sanduku lile ni la wageni, huwatunza wageni.

Kanuni nilizobaki nazo ni tatu, kwa kuwa watoto hawakuweza kushika zaidi ya hapo. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika kitabu, hasa baada ya embe au samaki. Ukurasa ugeuzwe kwa kushikwa pembe ya juu, wala usisukumwe kwa kidole kilicholowa mate. Mahali pa kuishia pawekwe kialamisho, pembe ya karatasi isikunjwe. Kialamisho kizuri kuliko vyote ni kipande cha ukili uliobaki baada ya bibi kusuka mkeka: ni chembamba, hakina rangi ya kuchujuka, na mtoto anaweza kukikata mwenyewe.

Mtoto wa chini ya miaka miwili hatashika kanuni hata moja. Huyo mwazimie kitabu chenye kurasa ngumu kama kipo, na mkisome kikiwa mikononi mwako.

Hatua ya tano: kusoma pamoja

Tafuta saa isiyogombaniwa. Kwa watoto wa hapa, mchana una shule na alasiri ina chuo cha Kurani. Baada ya magharibi, chakula kikiwa bado jikoni, hupatikana dakika kumi au kumi na tano zilizotulia. Hizo zinatosha zikiwa za kila siku.

Anza na jalada. Muulize mtoto anadhani kitabu kinasema nini, kisha soma, na baada ya kurasa mbili tatu simama pale ambapo jambo linakaribia kutokea: “Unadhani atafungua mlango?” Msikilize mpaka amalize, hata akienda mbali na hadithi. Maneno mageni yaelezwe kwa kitu kilicho karibu, kisha msomaji aendelee. Kila neno likigeuzwa kuwa mtihani, mtoto ataanza kuulizia chakula. Hadithi ifunguliwe kwa desturi yetu, msomaji akiita “Paukwa!” na watoto wakijibu “Pakawa!”, kwa kuwa mwito huo huwakusanya hata waliokuwa uani.

Mtoto ataomba kitabu kilekile mara kumi. Msomee mara kumi. Mara ya kwanza anafuata kisa, mara ya tatu anashika maneno, mara ya sita anakusahihisha ukiruka mstari, na mara ya kumi anakichukua na “kukisoma” mwenyewe kwa kukumbuka, kidole kikitembea chini ya maandishi. Mtoto huingia katika kusoma kwa mlango huo, na mzazi anayeharakisha kitabu kipya humfungia.

Mzazi asiyejua kusoma asijitoe. Picha zinatosha kwa mazungumzo marefu, na kaka au dada mkubwa anaweza kusoma huku mama akiuliza maswali. Nyumbani kwetu bibi, ambaye macho yake hayaoni tena herufi, husikiliza ngano ya kitabuni hadi mwisho kisha husema, “Sisi hatukuisimulia hivyo,” akaanza ya kwake. Watoto hupata hadithi mbili kwa kitabu kimoja, na mabishano ya kuamua ipi ni ya kweli huendelea hadi usingizi.

Hatua ya sita: kutoka kitabuni hadi mchezoni

Kitabu kikishasomwa, kitafutie mchezo unaokiendeleza. Nitaeleza mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ni wa hapa kwetu.

Mtoto aliyechukua kitabu cha samaki aulizwe kama kina silikanti. Huyu ni samaki wa maji ya kina kirefu ambaye wataalamu walidhani alikwisha kutoweka duniani miaka milioni 66 iliyopita, mpaka alipopatikana hai Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa pwani ya Tanga wamemvua pia, na mwaka 2009 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mapezi yake yana mashina yenye nyama, kama vijimkono, na huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Mtoto wa Tanga hana haja ya kuambiwa kwamba sayansi iko mbali.

Sasa mchezo. Samaki wakubwa wa aina hiyo hukaribia urefu wa mita 2. Chukua kamba ya mkonge, mpe mtoto rula ya shule ya sentimita 30, na umwambie akate kamba ya mita 2 kwa kupima mara nyingi awezavyo. Atagundua mwenyewe kwamba rula sita hazitoshi na saba zinazidi, na hapo hesabu ya sentimita 20 zilizobaki itakuwa na maana kwake. Kamba ilazwe uani, watoto walale kando yake kuona ni nani anayemfikia silikanti, kisha mmoja achore umbo lake mchangani kwa kijiti huku mwingine akishika kitabu na kusahihisha mapezi. Siku inayofuata wapeleke mnadani kunakoshushwa samaki, waulize majina ya kila aliyepo, na wakirudi walinganishe majina ya wavuvi na yale ya kitabuni. Hayatalingana yote. Waandike orodha yao wenyewe, na orodha hiyo wakamwonyeshe mkutubi siku ya kurejesha.

Kitabu cha hesabu kinaingia vizuri kwenye mdako. Watoto huchimba kijishimo, hutia vijiwe, hurusha kimoja juu na kuvitoa vingine kabla hakijatua, kisha huvirudisha na kubakiza kimoja. Vikiwa kumi na viwili shimoni na mchezaji ametoa vitano, vimebaki vingapi? Jibu liwe kabla ya kurusha tena. Nimeona mtoto aliyekuwa akilia kwa sababu ya kutoa akijibu haraka kuliko mimi, kwa kuwa huku zamu yake ilikuwa hatarini. Visoda navyo hufaa kwa kuhesabia na kwa kucheza drafti kwenye ubao uliochorwa kwa mkaa, na ngano yoyote ya 398 inaweza kuigizwa kwa kanga mbili na kiti kimoja. Vitendawili havihitaji kifaa: mtoto akariri vitano kutoka kitabuni, aende akawategee wenzake barazani, na akishindwa kupata mwenye jibu adai apewe mji.

Angalia usalama. Visoda, vijiwe na mbegu ndogo visiwe karibu na mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa kuwa humkaba kooni. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi zinazotungwa kama shanga zina sumu kali ndani yake. Zisitumike kabisa, hata kwa wakubwa.

Katika nchi nyingine maktaba huazimisha pia vifaa vya kuchezea. Huko Los Angeles mpango wa namna hiyo ulianza mwaka 1935, na mtoto alichukua kidoli au gari kwa kadi kama anavyochukua kitabu. Maktaba yako ikiwa na mafumbo ya vipande au michezo ya ubaoni, uliza kama huazimwa, na hesabu vipande kabla ya kutoka. Isipokuwa navyo, majirani wanne watano wa mtaa mmoja wanaweza kuanzisha kikapu chao: bao la nyumba hii, drafti ya nyumba ile, karata za namba zilizotengenezwa kwa maboksi, na daftari moja la kuandika nani kachukua nini lini. Barabara za namba za Ngamiani, nyumba zilivyopakana, zimekaa kama zilizopangwa kwa jambo hili. Kikapu kihame nyumba kila wiki mbili. Mwekaji wa daftari awe mtoto mwenye umri wa miaka kumi au zaidi, na wazazi wasimwingilie ila pakitokea ugomvi.

Hatua ya saba: kitabu kikiumia

Kitaumia siku moja. Mtoto akija mwenyewe kusema, sauti yako isipande, kwa maana ukimtisha mara hii, mara ijayo utakikuta kimefichwa chini ya godoro.

Ukurasa uliochanika usiubandike selotepu. Gundi yake hugeuka njano, hukakamaa, na baada ya muda huchana pale ilipoonekana kuponya. Weka vipande vyote ndani ya bahasha, iache bahasha katika ukurasa wenyewe, umpelekee mkutubi. Wao wana karatasi na gundi zifaazo. Kitabu kilicholowa kisianikwe juani, kwani jua hukikunja na kukikaukisha juu tu. Kifute taratibu, weka karatasi nyeupe zinazonyonya maji kila baada ya kurasa chache, ukisimamishe kikiwa kimefunguliwa kidogo kivulini penye upepo, na ubadilishe karatasi zikilowa. Kurasa zikiwa zimeshikana usizibandue kwa nguvu. Magazeti yasitumike kwa kazi hii, maana wino wake huhamia kwenye ukurasa. Kikishakauka, kilaze chini ya kitu kizito usiku kucha.

Halafu kirudishe na useme ukweli. Nilipokwenda na kitabu changu kilichovimba nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu bati, sikuyahitaji. Mkutubi alikigeuza, akaniambia kiasi cha kulipa, akaniuliza kama mtoto alikuwa amekimaliza. Nilishindwa kujibu, kwa sababu hakuwa hata amekianza.

Hatua ya nane: kurejesha

Andika tarehe ya kurudisha mahali pawili, kwenye kalenda ya ukutani na kwenye simu, na uweke ukumbusho siku tatu kabla, usisubiri siku yenyewe. Katikati huingia msiba, mvua, au likizo ambayo watoto wanapelekwa Lushoto au Pangani kwa shangazi na kitabu kinaondoka nao. Kabla ya likizo za Juni na Desemba uliza kama unaweza kuongezewa muda, na kitabu kikisafiri kiandikwe kwenye orodha ya mizigo kama nguo.

Siku ya kwenda, mtoto avikusanye vitabu mwenyewe kutoka sandukuni, avikague, atoe vialamisho vya ukili, na avitie mfukoni. Mezani avikabidhi yeye. Akitaka kuendelea na kimojawapo, aombe. Akiambiwa kuna mwingine anayekisubiri, aelezwe kwamba huyo mwingine ni mtoto kama yeye, labda wa Makorora au Chumbageni, na achague kingine kwa sasa. Kitabu kipya kikishapigwa muhuri, mpe mfuko aubebe hadi kwenye bajaji, na akikifungua njiani mwache asome.